Lugha ya Mikono ya Mawe

Safwan bin Nassor alikuwa na karakana ya mbao huko Ghala, mtaa wa viwanda katika mji mmoja wa Kiarabu, nyuma ya gereji za malori, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kutengeneza makasha. Makasha ya mashine, ya vioo, ya vyombo vya hospitali, na mara moja hata la piano ya balozi. Watu walimfuata yeye kwa sababu kitu kikishaingia kwenye kasha la Safwan hakitikisiki mpaka kifike kinakokwenda. Alikuwa mtu wa vipimo. Kabla ya kukata ubao alipima mara tatu, na mafundi wake walikwishazoea kusimama na msumeno wakimsubiri amalize.

Aliyemchorea ramani za kazi hizo zote ni binti yake, Malak, msichana wa miaka ishirini na tatu aliyesomea fani hiyo chuoni. Malak hakuwa akisikia. Homa ya uti wa mgongo ilimpitia akiwa na miaka miwili, na ilipoondoka iliondoka na usikivu wake. Nyumbani kwao Sib walisemezana naye kwa lugha ya ishara. Mama yake, Balqis, aliijua barabara, kwani alikaa naye darasani tangu siku ya kwanza ya skuli. Safwan aliijua kwa kubabaisha. Alikuwa na ishara za kazi: kata, pima, piga msasa, ngoja, kesho. Mazungumzo yakirefuka alimgeukia Balqis amtafsirie, na Balqis akimtafsiria huku akiendelea kuchambua mchele.

Lakini nje ya nyumba msemaji wa Malak alikuwa Safwan. Benki, hospitali, ofisi ya leseni, kote alitangulia yeye. Mtu akimuuliza Malak jambo, Safwan alikwisha kulijibu kabla Malak hajajua kama ameulizwa. Jambo hilo lilikuwa na chanzo chake. Malak alipokuwa na miaka saba walikwenda soko la Sib, na mtoto akajitia ushujaa, akamwendea mwenye duka peke yake na kumwagiza kitu kwa sauti yake mwenyewe, ile sauti isiyojisikia. Watu wazima watatu waliokuwa barazani wakacheka. Safwan alikuwa hatua kumi nyuma, mikono imejaa vifurushi. Kicheko kile kilimwingia na hakikumtoka tena. Tangu siku hiyo alijiapia kwamba hapana mtu atakayemcheka mwanawe, na njia aliyoiona ni kwamba mwanawe asipate nafasi ya kusema.

Mwezi wa Oktoba akaletewa kazi mpya. Ukumbi mmoja wa maonyesho pale Al Khuwair ulikuwa unapokea sanamu arubaini za Kibudha kutoka kaskazini ya Pakistani, zote za mawe, nyingine zimepita miaka elfu moja na mia saba. Zilihitaji stendi za kusimamia, na baadaye makasha ya kurudia kwao. Safwan alifurahi, maana jiwe la umri huo hukabidhiwi kama hukuaminiwa. Aliitangaza habari hiyo Ijumaa, mbele ya sinia la pilau, na dada yake mkubwa, Mahbuba, akaweka kijiko chini.

"Umri wote huu, Safwan, ndo umeishia kuyatengenezea viti masanamu?" alimuuliza.

Safwan alimwambia kwamba stendi ni stendi, na kwamba watu wanakwenda kuyatazama na kujifunza, hapana mtu anayekwenda kuyasujudia. Bi Mahbuba hakuridhika. Alimaliza pilau yake yote, akalisukuma sinia upande wa Safwan.

Siku ya kuchukua vipimo, Safwan alikwenda na Malak. Aliyewapokea ni mtaalamu aliyekuja na sanamu zile, Daktari Shaista wa Peshawar, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Yeye na Safwan walielewana kwa Kiurdu, kile cha Ghala ambacho Safwan alikipata kwa mafundi wake. Wakaanza na sanamu ya mtu aliyesimama, nguo imemlala mwilini kwa mikunjo kama ya shuka lililotoka majini, mkono wa kulia ameuinua kifuani, kiganja kimeelekea mbele.

Safwan aliukunjua utepe wake, akautazama ule mkono, akasema kwa mzaha kwamba huyu alikuwa askari wa barabarani, anasimamisha magari. Aliinua kiganja chake vivyo hivyo ili Malak naye acheke.

Malak hakucheka. Alikaribia, akainamisha kichwa, akautazama mkono wa jiwe kwa makini kama vile mtu anavyomtazama anayezungumza naye. Kisha akamgeukia baba yake akamtikisia kidole. Alinyoosha mkono kwa nguvu, kifundo kimekaza, bega limepanda: simama. Akaushusha. Akauinua tena, safari hii bega limetulia, vidole vimelegea kidogo, na uso wake mwenyewe ukalainika. Alimtazama Daktari Shaista, akajipiga mkono kifuani polepole, akatikisa kichwa kwa kukataza. Alikuwa anasema: usiogope.

Daktari Shaista alivua miwani. Alimwambia Safwan kwamba hivyo ndivyo vitabu vyote vinavyosema, kwamba huo ndio mkono wa kumwondolea mtu khofu, na kwamba yeye ilimchukua muhula mzima wa chuo kuufahamu. Akamshika Malak mkono, wakaiacha kazi ya vipimo, wakaenda kwenye sanamu ya pili.

Hiyo ilikuwa imekaa, imekunja miguu, na vidole vya mkono wa kulia vimeteremka mpaka vikagusa ardhi. Malak alifikiri kitambo. Akaonyesha: siondoki hapa. Daktari alicheka akasema amekosea, lakini amekosea karibu sana. Masimulizi yanasema kwamba mtu huyo, Budha mwenyewe, alipokuwa ametulia akitafuta ukweli, alijiwa na vishawishi na vitisho vya kila namna, akaambiwa ainuke, hapo si mahali pake. Hakupigana wala hakujibu matusi. Aliigusa ardhi tu, aifanye shahidi wake. Safwan aliyatafsiri hayo kwa ishara zake chache, akakwama kwenye neno shahidi, Malak akaandika kwenye simu, na mwishowe wote watatu walikuwa wamechuchumaa sakafuni wameigusa ardhi, na meneja wa ukumbi, kijana aitwaye Khattab, alipoingia na sinia la chai ya maziwa aliwauliza kama wameangusha kitu.

Vipimo vya siku mbili vilikula siku tano. Safwan hakulalamika.

Maonyesho yalifunguliwa kwa hotuba na tende, na wakubwa walikuja wakapiga picha wakaondoka. Kazi ilikuwa kwa wanafunzi. Khattab alikuwa amezialika skuli, basi baada ya basi, na amemwajiri kijana wa kuwatembeza. Kijana huyo alijua mambo, ila aliyasoma kwenye karatasi, karne ya pili, jiwe la aina fulani, urefu sentimita kadhaa, na watoto wakampita kama wanavyompita mlinzi mlangoni. Walizunguka ukumbi mzima kwa dakika tisa, wakaulizia choo na kantini.

Wiki ya pili stendi moja ikaanza kucheza, kwa sababu sakafu ya upande ule haikuwa sawa. Malak alitangulia ndani na spana yake wakati Safwan anatafuta mahali pa kuegesha gari, na Al Khuwair asubuhi ya siku ya kazi hilo si jambo dogo. Aliizunguka wizara moja mara nne. Alipoingia ukumbini alidhani amekosea mlango, maana palikuwa kimya.

Wasichana thelathini wa skuli walikuwa wamekaa sakafuni. Mbele yao, chini ya jiwe refu lililochongwa kisa kizima kutoka kushoto hadi kulia, alisimama Malak, spana mfukoni. Mara alikuwa mzee, anapapasa hewani, hatua zake fupi. Mara alikuwa kijana, amebeba mtungi begani, na uzito wa maji ulionekana kwenye kiuno chake. Msichana mmoja wa mbele alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili.

Safwan alichokiona ni mwanawe mbele ya watu thelathini bila ya mtu wa kumsemea. Aliharakisha katikati yao, akijikwaa kwenye mikoba, akasema kwa sauti kubwa kwa Kiarabu: samahanini, binti yangu hasikii, kama mna suali niulizeni mimi. Wasichana waligeuka kumtazama yeye. Wakatazamana. Mmoja alisimama akajipangusa nguo, na wa pili, na mara wote wakawa wamesimama, wanazungumza, na kile kilichokuwa pale kikawa kimekwisha.

Khattab alikuwa ameyaona yote kutoka mlango wa ofisi yake, na Daktari Shaista pia. Walimjia Safwan kwa pamoja. Khattab alisema anamtaka Malak awatembeze wanafunzi, kila asubuhi, mpaka maonyesho yaishe. Daktari Shaista alieleza jambo ambalo Safwan hakuwa amelijua: kwamba mawe yale yalichongwa kwa ajili ya watu wasiojua kusoma. Yalibandikwa kwenye kuta za jengo la duara, na watu wakalizunguka hatua kwa hatua, mzazi anamwonyesha mtoto kwa kidole, huyu ametoa sadaka, huyu amesema kweli, huyu amekasirika na tazama kilichompata. Hayakuhitaji maneno. Na yeye tangu aanze kazi hii hajamwona mtu akiyasoma kama Malak.

Safwan alitikisa kichwa kabla Daktari hajamaliza. "Hawezi," alisema.

Malak alikuwa amesimama pembeni anatazama midomo. Maneno mengi ya midomo humponyoka, lakini hilo alilijua. Kwenye midomo ya baba yake alilijua kuliko hata jina lake. Alimkabidhi Khattab spana, akatoka nje akaketi garini.

Siku mbili zilizofuata Safwan aliadhibiwa kwa adhabu isiyo na mfano. Kila alipoinua mikono kumsemesha, Malak alifumba macho. Hakununa wala hakujifungia chumbani. Alikula, alichora ramani zake, alimsaidia mama yake. Lakini mikono ya Safwan ikipanda tu, kope zinashuka. Safwan alijaribu akiwa jikoni, akajaribu karakana, akajaribu hata kujibanza mlangoni amfumanie. Mafundi walijifanya hawaoni. Ilimjia kwamba hivi ndivyo ilivyo kusema na mtu asikusikie, na wazo hilo halikumpa raha.

Jioni ya pili alimshitakia Balqis. Balqis alikuwa anakunja nguo.

"Nilipoolewa nawe," alisema, "nilimtafuta mume asiyeropoka, nikampata. Sasa nna mume anayewasemea watu wawili. Mwanangu hana haja ya msemaji, Safwan. Ana haja ya baba anayemfahamu."

"Watamcheka, Balqis."

"Ulimuona mtu akimcheka?"

Safwan aliwakumbuka wasichana thelathini, na yule aliyejifunika mdomo. Ilimbidi aseme hapana, hakumuona.

Kesho yake baada ya sala ya adhuhuri alikwenda Al Khuwair peke yake. Alisimama mbele ya lile jiwe refu, akamwomba Daktari Shaista amsimulie kisa chake. Daktari alikataa. Alimwambia msimuliaji anaye nyumbani, akamwombe huyo. Ila alimwonyesha jambo moja. Katikati ya jiwe palikuwa na mfalme amevuta upinde, na mbele yake kijana wa mtungi ameanguka, mshale ubavuni. Hatua mbili mbele, upande wa kulia, palikuwa na mtu mwingine amepiga magoti, viganja vimekutana, na upinde umetupwa chini.

"Huyu wa pili ni nani?" Safwan aliuliza.

"Mtazame kilemba."

Kilemba kilikuwa kile kile. Alikuwa mfalme yule yule. Alitaka kuwinda paa, akampiga mtu kwa kudhania. Daktari Shaista alisema ndicho anachokipenda kwenye mawe haya kuliko vyote. Mchongaji hakumwacha mfalme abaki na kosa lake mpaka mwisho wa jiwe. Alimtengea nafasi nyingine, akamchonga mara ya pili.

Safwan alikaa kwenye benchi muda mrefu, akimtazama mfalme wa kwanza na mfalme wa pili, na hatua mbili zilizokuwa baina yao. Kwa mtu wa vipimo, hayo hayakuwa masafa.

Alimkuta Malak barazani nyuma ya nyumba, daftari mapajani. Alisimama mbele yake, na kabla hajainua mikono akapiga magoti sakafuni. Magoti ya mtu wa miaka hamsini na sita hayapigwi kimya, na ingawa Malak hakuisikia ile sauti, aliuona uso wa baba yake. Kope zake hazikushuka. Safwan alivikutanisha viganja kama mfalme wa jiwe. Halafu, kwa kuwa aliona haitoshi, akaifanya ishara ya nisamehe, ambayo Balqis alimfundisha asubuhi ile.

Malak alimkodolea macho. Akairudia ile ishara kama alivyoiona, akaandika kwenye pembe ya daftari, akamwonyesha. Aliandika: Umeniambia nikupanguzie meza.

Safwan aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Malak alianza kucheka, kile kicheko chake kikubwa kisicho na breki, na Balqis akachungulia dirishani akamkuta mumewe kapiga magoti, naye akacheka, na Safwan akaona kwamba hana pa kwenda isipokuwa kucheka pamoja nao. Malak akamshika mikono, akaipanga vidole, akamfanyisha ishara iliyo sahihi mara tatu mpaka ikakaa sawa.

Akiwa bado chini, Safwan alimweleza habari ya soko la Sib. Alitumia ishara alizonazo, na pasipo ishara aliigiza, na pasipowezekana aliandika. Duka. Wewe mdogo. Sauti. Watu watatu. Wanacheka. Mimi nyuma, vifurushi. Jasho lilimtoka. Malak alimwacha amalize, akaanza kumjibu polepole kama anayemsomesha mtoto, na Safwan akagundua kwamba anafahamu kila kitu bila ya kumtazama Balqis dirishani.

Alisema anaikumbuka siku ile vizuri. Alitaka askirimu ya embe. Mwenye duka alimfahamu mara ya kwanza tu, akampa. Hakuwaona waliocheka, alikuwa anatazama askirimu.

Asubuhi ya Jumapili iliyofuata, siku ya kwanza ya wiki ya skuli, Malak alianza kazi. Masharti aliyaandika mwenyewe na kuyabandika kwenye dashibodi ya gari: baba ataruhusiwa kuwepo, atakaa kwenye benchi, hatasema. Balqis ndiye angetoa sauti, kwa yale machache yenye kuhitaji maneno. Walipokuwa wanatoka, Bi Mahbuba alikuwa amekwisha kufika na baibui lake, mkoba mkononi. Alisema anakwenda kumsindikiza mtoto tu, na kwamba atakaa karibu na mlango, na kwamba hatatazama.

Basi lilileta watoto arubaini kutoka Sib, wa darasa la tano. Malak aliwaongoza kwanza kwa yule aliyesimama. Aliwafanya wainue mikono kama askari, kisha wainue kama yeye, mpaka wakaijua tofauti mabegani mwao wenyewe. Aliwapeleka kwa sanamu ambayo mkono wake wa kulia umevunjika, limebaki shina tu kwenye kiwiko. Aliuliza: huyu alikuwa anasema nini? Watoto walibahatisha. Amepunga. Anataka chakula. Mtoto mmoja akasema tazameni bega, limetulia, naye anatwambia tusiogope. Malak alimkimbilia akamshika kichwa kwa mikono miwili, na mtoto akajikunyata kwa furaha na haya.

Kisha msichana mmoja akauliza kwa nini wote wana masikio marefu hivyo. Balqis alitafsiri suali. Malak aliinua mikono kujibu, lakini sauti ilitokea mlangoni.

"Huyo alivaa dhahabu nzito," alisema Bi Mahbuba.

Ukumbi wote uligeuka. Bi Mahbuba alikuwa amesimama. Alikuja mbele polepole, akalisogeza baibui nyuma ya sikio, akawaonyesha watoto ndewe yake iliyorefuka, yenye tundu la kupita kidole. Alisema tangu alipokuwa mwari Unguja hadi alipojifungua mtoto wa nne alivaa majasi mazito ya dhahabu kila sikio, na siku alipoyavua akawagawia binti zake, masikio yalibaki hivi. Akaiangalia sanamu kwa mara ya kwanza, uso kwa uso. Akasema huyu naye alikuwa mtoto wa watu wakubwa, alivaa, akavua, na masikio hayakusahau.

Safwan alimtazama Daktari Shaista, ambaye Balqis alikuwa anamnong'oneza kwa Kiingereza. Daktari alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, macho yanang'aa. Ndivyo ilivyokuwa, alisema: alizaliwa mtoto wa mfalme, akaliacha jumba na mapambo, na wachongaji wakaacha masikio marefu ili atazamaye ajue alichokiacha. Balqis aliwarudishia watoto maneno hayo kwa Kiarabu, na tangu hapo kila sanamu waliyoifikia watoto walimtazama Bi Mahbuba kwanza, naye alianza kutoa maoni.

Mwisho wakafika kwenye jiwe refu. Malak alimwashiria baba yake.

Safwan alidhani anaambiwa atoke. Lakini Malak alikuja mpaka kwenye benchi, akamwinua kwa mkono, akamsimamisha katikati ya watoto. Akamfumba macho kwa kiganja. Safwan ndiye atakuwa mzee kipofu, baba wa kijana wa mtungi. Na Bi Mahbuba, bila ya kuulizwa, akajisogeza kando yake na kufumba macho, akawa mama.

Basi Safwan alikisikiliza kisa hicho akiwa amefumba macho. Alilihisi kundi la watoto likipumua pamoja. Aliihisi karatasi iliyoviringwa, ambayo ilikuwa kikombe cha maji, ikiwekwa mkononi mwake na kijana mwema anayewatumikia wazee wake. Akasikia watoto wakishusha pumzi kwa ghafla, akajua upinde umevutwa. Akasikia mmoja akisema hakukusudia, hakukusudia, alidhani paa. Halafu mkono ukamshika mkono, mkono wa mfalme aliyekuja kusema kweli mwenyewe kwa wazazi, badala ya kukimbia, na kuwaongoza hadi alipolala mtoto wao, na kuahidi kwamba atawatumikia yeye. Ulikuwa mkono wa Malak, una sugu la penseli kwenye kidole cha kati. Safwan aliufuata bila ya kupapasa.

Alipofumbua macho, kijana wa mtungi, ambaye alikuwa mtoto mmoja mnene wa kiume aliyelala sakafuni kwa bidii kubwa, alikuwa anainuka, kwa sababu katika kisa hicho wazazi wake waliushuhudia wema wake kwa kweli, na ukweli huo ukamponya. Watoto walipiga makofi. Malak hakuyasikia, ila aliwaona, akawafundisha makofi ya wasiosikia, mikono juu, vidole vinachezacheza hewani. Mikono themanini ikapanda. Mwalimu wao naye akainua yake. Khattab akainua yake akiwa mlangoni mwa ofisi. Ukumbi ulikuwa kimya na haukuwa kimya hata kidogo.

Maonyesho yaliongezwa wiki tatu. Skuli ambazo zilikuwa zimekuja mara ya kwanza ziliomba kurudi, na Khattab alimwandikia Malak mkataba wa kazi kwa maonyesho yajayo, ya nguo za kale, akisema hajui nguo zitasema nini lakini ana imani atazisemesha. Bi Mahbuba alikwenda mara nne zaidi kumsindikiza mtoto. Kwenye pilau ya Ijumaa aliwaeleza majirani kwa kirefu jinsi mchongaji anavyoonyesha subira kwenye macho yaliyofumbwa nusu, na kama mtu akikaribia kumuuliza habari ya masanamu alimwambia asizungumzie kitu asichokitazama.

Sanamu zilirudi kwao mwezi wa Januari, ndani ya makasha ya Safwan, na Daktari Shaista aliaga akilia na kucheka. Wiki hiyo hiyo Safwan alijiandikisha kwenye darasa la lugha ya ishara, Jumanne saa kumi na moja jioni. Yeye ndiye mkubwa kuliko wote darasani. Wengine ni wauguzi, na polisi wawili, na bibi arusi anayeolewa katika ukoo wa wasiosikia. Mwalimu anaitwa Anas, naye hasikii, na hana huruma: akikuona unapiga midomo bila ya mikono anakutoa mbele.

Jumanne ya tatu Anas aliwaagiza kila mmoja asimulie jambo lililomtokea siku ile. Ilipofika zamu yake, Safwan alisimama mbele ya ubao, akaweka simu mezani, akapandisha mikono ya kanzu. Alisimulia lori la matikiti lililofunguka mlango barabarani karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa lori, alikuwa mlango, alikuwa tikiti linaloviringika kwa maringo katikati ya njia tatu. Alikuwa dereva, mikono kichwani. Alikuwa askari aliyepokea tikiti kifuani na asijue aliweke wapi. Hakumtazama mtu amtafsirie, na hapakuwa na wa kumtafsiria. Anas alianza kucheka kwenye tikiti la pili, na kufikia askari alikuwa ameegemea dirisha, anafuta machozi, na kwa mkono uliobaki anamwambia Safwan: endelea, endelea.